Grafu, Shikamoo na Vifaranga wa Mkuu wa Shule

Wanangu, nasikia mnalalamika. Mmeingia kwenye mashindano ya kuandika programu, mmepita salama kwenye kupanga namba na kutafuta neno ndani ya sentensi, sasa mmefika kwenye grafu mmejiinamia kama watu waliofiwa. Mmoja wenu ameniandikia kwenye simu: "Shikamoo Madam. Grafu zimenishinda, nadhani mie siyo wa mambo haya." Marahaba. Na wala hazijakushinda. Mimi zilinitoa jasho nikiwa na miaka hamsini na ushee, miwani imepanda juu ya kipaji cha uso, mbele ya wanafunzi niliotakiwa kuwafundisha mimi.

Kwa wasionifahamu, naitwa Anastazia. Wengi wananijua kwa jina la Madam Stazia, mwalimu wa hesabu na kompyuta katika sekondari moja huku Temeke mpaka nilipostaafu. Siku hizi nakaa kwangu Mbagala, nabishana na mafundi na kujibu meseji zenu.

Grafu ninayoisema hapa ni ile ya vituo na njia. Vituo ni nukta, njia ni mistari inayoziunganisha. Maduka na barabara, nyumba na vichochoro, watu na urafiki wao. Maswali yake ni ya kawaida kabisa: naweza kufika kule? Njia fupi ni ipi? Nani amebaki hana njia? Ukiulizwa na jirani unajibu huku unachambua mchele. Ukiambiwa uifundishe mashine ijibu, ndipo unapoona kwamba kumbe hujui unavyojua.

Kompyuta zilipoingia shuleni kwetu mara ya kwanza, zilipokelewa kama bibi harusi. Viatu tulivua mlangoni. Kila moja ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua pembeni, na mwanafunzi aliyetaka kugusa kibodi alinawa kwanza, mimi nikisimama mlangoni kukagua kucha. Programu tuliandika kwenye karatasi wiki nzima, Ijumaa ndiyo tunaingia kuipiga chapa, na umeme unakatika hapo hapo. Nyie leo mnabonyeza na kubonyeza mkitegemea bahati. Sisi tulikuwa na jaribio moja, kwa hiyo tuliisoma kazi yetu mstari kwa mstari, kidole kikitembea, na makosa mengi tuliyakamata kabla mashine haijayaona. Katika mambo ya zamani, hilo tu ndilo ninalowaomba mlirudie. La kuvua viatu acheni lilivyokufa.

Aliyenifundisha grafu ni kijana mmoja anaitwa Fadhili. Alikuwa ametoka chuo kikuu, anaishi mtaa wa pili na shule, akaja mwenyewe kujitolea kwenye klabu yetu kila Jumamosi. Kijana ana akili ya kutisha na ugonjwa mmoja: kwake kila kitu ni rahisi. Mkitaka kumuua mtu anayeanza kujifunza, mwambieni hicho kitu ni rahisi.

"Madam, hii ishu nyepesi tu," akaniambia siku ya kwanza, amechora viduara ubaoni. "Unaanzia hapa, unaingia kwa jirani, unaingia kwa jirani wa jirani, mpaka njia ziishe. Ukikwama unarudi nyuma, unajaribu kwingine."

"Basi?"

"Basi."

Nikaandika. Nikakagua kwa kidole kama kawaida yangu. Nikabonyeza. Feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma, skrini ikaganda, wanafunzi wakaanza kusogeza viti nyuma. Nikaona hii inalipuka, nikachomoa waya ukutani.

"Umeme umekatika," nikasema.

"Umeme upo, Madam," akasema Fadhili. "Umechomoa wewe."

Sikuelewa kosa langu siku ile wala Jumamosi iliyofuata. Ningeweza kumwachia Fadhili kazi yote nikakaa pembeni nasahihisha madaftari, na ndicho nilichopanga, mpaka mkuu wa shule alipotutembelea.

Mkuu wetu, Mwalimu Ngonyani, alikuwa mtu mwadilifu mwenye sauti ya paredi hata akinong'ona. Mwaka ule alikuwa amepania shule iwe na mradi wa kuku. Akaingia chumba cha kompyuta, akasimama katikati, akafumba macho.

"Chumba hiki kina joto zuri sana," akasema.

Nikadhani anatusifu. "Asante, Mwalimu. Ni mashine zenyewe."

"Joto hili hili ndilo wanalotaka vifaranga."

Nikacheka. Hakucheka.

"Mwalimu, humu wanasoma watoto."

"Watoto wangapi? Ukiwatoa wanaokuja kukimbia jua, wanabaki wangapi? Kuku wanataga, Madam. Kompyuta zako zinataga nini?"

Wanangu, tulibishana mpaka kengele ikalia. Mwishowe tukakubaliana, mbele ya wanafunzi wote: mashindano ya shule za mkoa yalikuwa yanakaribia. Tukirudi na cheti, hata kimoja, chumba kitabaki chetu. Tukirudi mikono mitupu, Jumatatu yake kompyuta zinaingia stoo na vifaranga wanaingia chumbani.

Mtacheka, na mimi sasa nacheka. Wakati ule nilikuwa na hofu ya kweli. Hakuna hata mwanafunzi mmoja wa klabu aliyekuwa na kompyuta nyumbani. Alikuwapo binti mmoja wa kidato cha tatu, Tabia, aliyekuwa akija mapema akasimama mlangoni asije akamkuta mwingine amekalia mashine yake ya dirishani. Alikuwa mzito wa kuandika. Kila swali lazima alichore kwanza, na wenzake walimtania kwamba anasoma sanaa. Lakini akishachora, hakosei. Chumba kile kikiondoka, Tabia angejifunzia wapi? Kwenye mchanga?

Na kama mjuavyo, la kuvunda halina ubani: wiki ile ile Tabia akaacha kuja Jumamosi. Nikaambiwa bibi yake anamhitaji nyumbani, Kiwalani. Nikajifunga khanga juu ya gauni, nikaenda kumwomba huyo bibi.

Kama hujawahi kutafuta nyumba Kiwalani usinipe pole ya juu juu. Nilielekezwa niulizie kwa fundi cherehani, kisha niingie kichochoro cha nyumba yenye mlango wa bluu. Milango yote ilikuwa ya bluu. Nikaingia kichochoro cha kwanza. Kwenye kona amekaa mama mtu mzima anakaanga vitumbua, nikamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba. Nikapita, nikakata kulia, nikakuta ukuta, nikarudi, nikaingia kingine, nikatokea kwa yule yule mama. Utapitaje mbele ya mtu mzima umenyamaza? "Shikamoo, mama." Marahaba. Nikamuuliza muuza mkaa, akaninyooshea mkono, nikaufuata ule mkono wake na vichochoro vyote, nikatokea tena kwenye vitumbua. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama."

Safari hii hakuitikia. Akaweka chini kijiti chake cha kugeuzia.

"Weye mwanangu, hebu simama. Shikamoo ya kwanza nimeipokea. Ya pili nikasema huyu labda kasahau. Hii ya tatu, unaniamkia mie au unapita kuhakikisha kama bado nipo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nikataka ardhi ipasuke.

"Samahani, mama. Nimepotea. Namtafuta bibi yake Tabia."

"Bi Salima?"

"Huyo huyo."

"Umemwamkia mara tatu, hata mara moja hukuona haja ya kumuuliza?"

Alikuwa yeye. Mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa. Uliteguka, anakaangia mkono wa kushoto, na Tabia ndiye aliyekuwa akimkorogea unga. Tulizungumza vizuri mno baada ya hapo, maana mtu akishakucheka kiasi kile hawezi kukunyima kitu. Tukakubaliana Tabia akoroge unga alfajiri, kisha aje zake shule. Akanifungia na vitumbua.

Nilikuwa naondoka, navitafuna, ndipo nikasimama katikati ya njia nikacheka peke yangu mpaka mwenye bajaji akanipigia honi. Programu yangu ilikuwa Kiwalani! Inaingia kwa jirani, inatokea pale pale, inaamkia, inazunguka, inaamkia tena, mpaka feni inaunguruma. Wala haikuwa na Bi Salima wa kuiambia imeshapita hapa. Fadhili alikuwa ameigusia Jumamosi ya pili habari ya kuweka alama kwenye kituo ulichokwisha kupita, lakini aliitaja haraka haraka, katika yale mambo yake mepesi.

Jumamosi niliwatoa wanafunzi wote nje. Nikachora viduara na mistari kwa chaki kwenye sakafu ya paredi, kila duara na mtu wake amesimama. Kelvin, mwenzake Tabia kwenye timu, nikamwambia atembee kwa kufuata mistari, na kila anayemfikia amwamkie. Ukishaamkiwa, unakaa chini. Aliyekaa haamkiwi tena. Kelvin alizunguka, akakwama, akarudi, mpaka wote wakawa wamekaa na hakupotea hata mara moja. Tangu siku ile, kwenye programu zetu, safu ya kuwekea alama za vituo tuliiita shikamoo. Fadhili alipoiona alicheka mpaka akakaa, kisha akasema taratibu, "Madam, hii nimeibeba."

Nikanogewa. Fadhili alipotaka kuwafundisha utafutaji wa kwenda hatua kwa hatua, ule wa majirani wote kwanza kisha majirani wa majirani, nikamwambia akae. Nikawauliza watoto: umbea unasambaaje Mbagala? Anaanza mmoja, anawaambia wa ukuta mmoja naye, nao wa kwao, kwa hiyo ukitaka kujua uko mbali kiasi gani na aliyeanza, angalia habari imekufikia wimbi la ngapi. Na nani anafuata kuhudumiwa? Ni kama ndoo bombani, iliyotangulia kupangwa ndiyo inayotangulia kujazwa. Hilo waliliweza siku hiyo hiyo, kwa sababu ndoo wote wamepanga.

Kelvin ndiye aliyenipa kazi. Vidole vyake vinakimbia kuliko kichwa. Niliwaambia kwamba mwanzoni, kabla hujaipata njia, kila kituo kiandikie umbali mkubwa usiofikika, halafu uupunguze kadiri unavyopata njia. Programu yake ikawa inatoa majibu ya ajabu. Nikaifungua, nikakuta ule umbali usiofikika ameandika elfu moja, na kwenye swali kuna njia ndefu kuliko hiyo.

"Kelvin, kwa nini elfu moja?"

"Madam, kilomita elfu moja siyo mbali? Mie mwisho wangu Chalinze."

Kwa hiyo andikeni namba kubwa kweli kweli, msipime dunia kwa safari zenu. Na someni kama vituo vinahesabiwa kuanzia sifuri au moja. Na msidhani kila kituo kina njia ya kukifikia; waandika maswali wanapenda kuficha kimoja kisichofikika, ili wakuone unavyotembea juu ya maji.

Siku ya mashindano tulikwenda kwenye ukumbi mmoja Kinondoni. Kila timu ni watu wawili na kompyuta moja. Walimu tulibaki nje, nyuma ya kioo, tukitazama ubao wa matokeo ukutani. Vyeti vilikuwa vya timu tatu za juu tu. Timu nyingi zilimaliza swali la kwanza na la pili, na wetu pia, lakini kwa kuchelewa, tukawa wa nne. Lililobaki likawa swali la grafu: gari la maziwa litoke kiwandani, utafute muda mfupi wa kufika kila duka, kila barabara ikiwa na dakika zake.

Nikamwambia Fadhili, "Hili letu."

Wakatuma. Jibu si sahihi. Wakatuma tena. Si sahihi. Niliwaona wamegandana vichwa. Fadhili akanigeukia polepole.

"Madam, ile ya shikamoo uliwafundisha waitumie hata barabara zikiwa na dakika tofauti?"

"Shikamoo nimewafundisha kwa kila kitu."

Akashika kichwa. Akanieleza pale pale. Tuseme kuna barabara ya moja kwa moja mpaka dukani, dakika kumi, na nyingine ya kupitia duka la jirani, dakika tano tu. Programu yao inatangulia kulifikia duka kwa dakika kumi, inaliamkia, na kwa adabu niliyowafunza mimi, hairudi tena. Njia ya dakika tano inakuja, inakuta duka limekwisha kuamkiwa, inageuza. Watoto walikuwa wanakosa kwa sababu ya heshima.

Nilitamani kugonga kioo. Msimamizi alikuwa ananitazama mimi hasa, kwa hiyo nikaikalia mikono yangu. Niliwaza vile vifaranga. Nilimwaza Tabia amesimama mlangoni asubuhi na chumba kimejaa pumba. Roho iliniuma, wanangu, siwafichi.

Ndipo nikamwona Tabia, aliyekuwa anachora, ameacha kalamu na anagonga meza kwa vidole. Ngo, ngo. Anatulia. Ngo, ngo. Nikajua mtoto amechanganyikiwa.

Baadaye ndipo aliponisimulia. Alikuwa amechora ile njia ya dakika kumi na ile ya tano, akaona duka limekataa kupokea habari njema. Akamwambia Kelvin, "Tunakosea. Hii siyo shikamoo, ni hodi."

"Hodi ndo nini tena? Muda unaisha, Tabia!"

"Sikiliza. Ukibisha hodi, bado hujaingia. Unaweza kubisha tena. Ukija na muda mzuri zaidi, futa wa zamani, bisha upya. Mpaka uambiwe karibu."

"Nani anasema karibu?"

"Katika wote waliobishiwa, yule mwenye muda mfupi kuliko wote. Huyo hakuna anayeweza kumpunguzia tena, wengine wote wako mbali zaidi yake. Yeye ndo umpe shikamoo, umfunge. Halafu bisha kwa majirani zake."

Someni hayo maneno mara mbili. Fadhili aliniambia kuna vitabu vinatumia kurasa nyingi kusema hivyo.

Kelvin akaandika. Safari hii Tabia alimshika mkono asitume, akapitisha kidole kwenye skrini mstari kwa mstari, huku saa ya ukutani inakwenda. Wakatuma. Jina la shule yetu likapanda mpaka nafasi ya tatu. Nilipiga kelele ambayo sitaisimulia. Msimamizi alinitoa nje kabisa, nikaenda kumalizia kushangilia na wenye bodaboda, ambao hawakujua kuna nini lakini walinisaidia.

Jumatatu tukafika shuleni na cheti, tukakuta maboksi ya vifaranga yamepangwa mlangoni kwetu. Mwalimu Ngonyani alikuwa ameshaagiza, alikuwa na imani kubwa na kushindwa kwetu. Tabia akamkabidhi cheti kwa mikono miwili. Mkuu akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Vifaranga wanalia pii, pii.

"Nilitoa neno langu," akasema. "Pelekeni vifaranga ofisini kwangu."

Tukadhani ni utani. Vifaranga wakaingia ofisini kwake kweli, na yeye akahamia kwetu na mafaili yake, meza ya nyuma kabisa. Wazazi waliokuja kulalamika walielekezwa klabu ya kompyuta. Wiki za mwanzo alikuwa akikemea kelele za kibodi. Kisha nikaanza kuona faili limefunguliwa ukurasa ule ule tangu asubuhi, na shingo ya mkuu imeelekea ubaoni.

Siku moja Tabia alikuwa anawaelekeza wadogo zake wa kidato cha kwanza, sauti ya nyuma ikauliza, "Mnasema hicho cha mwisho hakifikiki. Mmejuaje, na hamjazijaribu njia zote?"

Tabia akanitazama. Nikampa ishara aende. Akabeba kiti chake, akakaa kando ya mkuu wa shule, akamchorea vituo vitano. Mwalimu akajaribu, akakosea. Akajaribu tena, akakosea pale pale. Darasa zima tukasubiri ile sauti ya paredi. Akavua koti, akalitundika, akavuta kiti karibu zaidi.

"Nielekeze tena, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Pole pole. Hapo nimepotea."

Nilitoka nje kwa kisingizio cha kufuta miwani, nikalia. Banda la kuku lilikuwa limekamilika nyuma ya shule wiki iliyotangulia, vifaranga wakahamia huko, na ofisi yake ilikuwa imefagiliwa, imepakwa rangi, inamngoja. Hakuna mtu aliyemkumbusha.